Namna ya Kumfariji Mfiwa Kikristo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Siku ya Msiba hadi Mwaka wa Kwanza

Kila kanisa lina watu wanaotumwa msibani: wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, akina mama wa umoja, wanakwaya. Wengi wao huenda kwa moyo safi na hurudi wakijua kwamba walichosema hakikusaidia kitu, na wachache hurudi bila kujua kwamba kiliumiza. Malalamiko yanayosikika baadaye hufanana mno. Mjane ameacha kuja ibadani baada ya mazishi ambayo usharika mzima ulihudhuria. Baba aliyezika mtoto hataki tena kuonana na mchungaji. Binti aliyefiwa na mama anasema watu walijaa nyumbani kwa siku nne, kisha hakuna aliyempigia simu hadi Pasaka.

Chanzo cha kushindwa huku, kwa jinsi ninavyokiona, ni kwamba tumeichukua kazi ya kufariji kuwa ni kazi ya kusema, tena kusema yale ambayo Biblia imeyaweka kinywani mwa mfiwa mwenyewe. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa msiba kama unavyoendeshwa katika nyumba nyingi za Kikristo nchini Tanzania, na anayeufuata ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi iko baada ya turubai kushushwa.

## Vitu vya kuandaa

- Mwenzako mmoja wa kwenda naye. Ziara ya watu kumi na wawili ni msafara, na mfiwa atalazimika kuipokea kama mgeni rasmi. Mfiwa akiwa mjane au binti, mmoja wenu awe mwanamke.
- Biblia ndogo, iliyowekewa alama katika Zaburi ya 13, Zaburi ya 34, Yohana 11, 1 Wathesalonike 4 na Ufunuo 21, ili usipekue kurasa mbele ya watu wanaolia.
- Daftari lako mwenyewe na kalamu. Hili si daftari la rambirambi. Ni la kuandika majina, tarehe na mahitaji ambayo utayasahau ukifika nyumbani.
- Fedha taslimu za noti ndogo ndogo, kwa sababu msibani hakukosekani mtu wa kutumwa kwa bodaboda, katoni ya maji au vocha ya simu.
- Kitu cha jikoni: sukari, majani ya chai, mchele, unga. Mkaa na gesi husahaulika kila mara, na huisha usiku.
- Nafasi katika ratiba yako kwa mwaka mmoja. Asiyekuwa nayo amtafute sasa mtu atakayeendelea baada yake.

Jambo jingine la kuandaa ni uelewa wako wa imani. Mkristo anakiri kwamba mauti ni adui. Paulo anaiita adui wa mwisho atakayebatilishwa (1 Wakorintho 15:26), na adui haombolezwi kana kwamba ni rafiki aliyepita kusalimia. Anakiri pia ufufuo wa wafu. Mambo haya mawili hayafutani. Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Watu watauwa waliomzika Stefano walimfanyia maombolezo makubwa (Matendo 8:2), ingawa hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu mahali alipokwenda. Ukiingia nyumbani kwa mfiwa ukiamini kwamba machozi ni upungufu wa imani, hatua zote zinazofuata hazitakusaidia.

## Hatua ya 1: Fika mapema, ukae chini

Nenda siku ile ile uliyopata taarifa, hata kama ratiba ya mazishi haijapangwa na hata kama kanisa litaleta ujumbe wake rasmi kesho. Ukifika, salimia waliopo kwa utaratibu wa nyumba ile, kisha nenda alipo mfiwa. Mara nyingi makochi yatakuwa yametolewa nje, naye atakuwa kwenye godoro au mkeka katikati ya wanawake, khanga moja kiunoni na nyingine begani, simu yake ikiita mfululizo pembeni. Keti hapo hapo chini. Ukisema naye umesimama, atainuka kukupokea, na hupaswi kumwinua.

Sentensi moja inatosha: "Pole sana, mama. Nimekuja kukaa na wewe." Kisha nyamaza. Marafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifanya jambo moja tu lililo sahihi katika kitabu chote, nalo ni kukaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno (Ayubu 2:13). Mambo yaliharibika walipoanza kufafanua. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, ingawa Ayubu alikuwa amelalamika kwa sura nyingi.

Anapoanza kusimulia saa za mwisho za marehemu, namna alivyoomba maji, daktari alivyomwita koridoni, acha asimulie hata kama umekwisha kuyasikia kwa mwingine. Atayarudia mara nyingi, na kurudia huko ndiko kunakomwezesha kuamini kilichotokea. Usiulize, "Mbona hamkumwahisha hospitali?" Swali hilo atajiuliza mwenyewe kwa miaka, hahitaji kuulizwa na mgeni.

Tahadhari. Usipige picha ya mwili wala ya mfiwa akilia, na usitume chochote kwenye makundi ya simu kabla familia haijatoa tangazo lake. Watoto wa marehemu walio masomoni mikoani wamepata kupokea habari za kifo cha baba yao kwa njia hiyo.

Utajua umefanikiwa ikiwa mfiwa ameendelea kulia mbele yako bila kujizuia, au amekushika mkono bila kusema kitu. Akijibu salamu yako kwa "nimeshapoa", hayo ni maitikio ya adabu tu. Usiyachukue kuwa ni taarifa ya hali yake.

## Hatua ya 2: Pima maneno yako

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

"Usilie." Watetezi wa neno hili husema kwamba Yesu mwenyewe alimwambia hivyo mjane wa Naini (Luka 7:13). Ni kweli alimwambia, kisha akaligusa jeneza na kumrudishia mwanawe akiwa hai. Asiye na uwezo wa kuiondoa sababu ya kilio hana mamlaka ya kukizuia. Mbele ya kaburi la Lazaro, ambako alijua kwamba dakika chache baadaye marehemu atatoka, Yesu hakumkataza mtu kulia, bali naye akalia machozi (Yohana 11:35). Amri tuliyopewa sisi ni ya Warumi 12:15, kulia pamoja nao waliao.

"Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Maneno haya ni ya kweli na ni matakatifu, lakini aliyeyasema ni Ayubu, na watoto waliokufa walikuwa wake. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeyasema kwa niaba yake. Mfiwa akiyatamka mwenyewe, itikia "Amina" kwa moyo wote. Asipoyatamka, usimtangulie. Kanuni hii ingeondoa nusu ya majeraha ninayosikia: maneno ya kujisalimisha kwa Mungu ni ya aliyepoteza, na anayachukua kwa wakati wake.

"Mungu ana makusudi yake." Anayesema hivi huwa na Warumi 8:28 kichwani. Andiko hilo linasema kwamba Mungu hufanya kazi katika mambo yote kwa wema wa wampendao. Halisemi kwamba kila jambo ni jema, wala halikupi wewe kazi ya kulitaja kusudi lenyewe siku ya pili ya msiba. Mzazi aliyezika mtoto wa miaka sita anaposikia sentensi hiyo, anachokipata ni picha ya Mungu aliyemhitaji mtoto wake kuliko alivyomhitaji yeye.

"Mungu atakupa mwingine." Huambiwa zaidi mama ambaye mimba yake imeharibika au mtoto wake amezaliwa akiwa amefariki. Mtoto habadilishwi kwa mtoto. Kama wazazi walikuwa wamemchagulia jina, litaje katika maombi. Ni jambo dogo, na akina mama hulikumbuka hata baada ya miaka mingi.

"Kuna mkono wa mtu hapa." Kauli hii haisemwi kanisani, husemwa nyuma ya nyumba karibu na mafiga, na baada ya wiki mbili huja kuthibitishwa na mtu anayejiita nabii kwa malipo. Ukiisikia, ikatae waziwazi lakini bila kelele. Inampa mfiwa jirani au shangazi wa kumchukia, na imewahi kusababisha wazee wasio na hatia kupigwa na hata kuuawa katika nchi yetu.

Maneno yanayofaa ni machache, na karibu yote yanamhusu marehemu au kazi iliyo mbele: "Alikuwa mtu wa kutuchekesha sana kwenye mazoezi ya kwaya." "Nitamkumbuka." "Sina la kusema, lakini nipo." "Kesho asubuhi nitakuja na chai, watoto wasiende shule bila kunywa kitu." Sentensi ya mwisho ina saa na kitu ndani yake. Epuka "ukihitaji chochote niambie", kwa sababu mfiwa hatakuambia.

## Hatua ya 3: Omba naye kwa Zaburi

Ukiombwa kusali, au ukiona kwamba nafasi imepatikana, sali kwa muda mfupi na utumie maombolezo ya Biblia yenyewe. Mwongozo rahisi ni Zaburi ya 13, yenye aya sita tu. Aya mbili za kwanza ni kilio, na humo swali "hata lini" linarudiwa mara nne. Aya mbili zinazofuata ni ombi. Mbili za mwisho ni tumaini.

Fuata mtiririko huo huo kwa maneno yako. Anza kwa kumwambia Mungu kilichotokea na kwamba kinauma. Kisha omba mambo yanayoshikika: usingizi usiku huu, nguvu ya kusafiri, amani kati ya ndugu. Malizia kwa ahadi, kama ile ya Zaburi 34:18 kwamba Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Dakika tatu zinatosha.

Kosa linalorudiwa ni kuruka sehemu ya kwanza na kuanzia kwenye ushindi, kwa sauti kubwa, huku mfiwa akiwa bado hajaweza kula. Kama mfiwa hana tumaini la kutamka leo, msomee Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila kupandishwa kwenye shangwe, na bado Wayahudi na Wakristo wameihifadhi kuwa sala halali. Yeyote anayehofia kwamba kulalamika mbele za Mungu ni kukufuru na aisome kabla ya kwenda.

Wakatoliki watasali Rozari na kuomba Misa kwa ajili ya marehemu; Walutheri na makanisa mengi ya Kiprotestanti humshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwaombea walio hai. Ukiwa mgeni katika nyumba ya dhehebu jingine, fuata utaratibu wao au nyamaza. Msibani si mahali pa kusahihishana.

## Hatua ya 4: Beba kazi

Eliya alipochoka hata akaomba afe, jambo la kwanza alilopewa halikuwa mahubiri. Alilala chini ya mretemu, malaika akamgusa na kumwambia ainuke ale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena (1 Wafalme 19). Mazungumzo yalikuja baadaye sana, huko Horebu. Huu ndio msingi wa hatua hii.

Jiunge na kamati ya msiba kwa kazi moja inayojulikana, usizunguke ukitoa ushauri. Kazi zinazokosa watu kwa kawaida ni hizi: kuhakikisha mfiwa mwenyewe anakula, kwa kuwa sahani ya wali huwekwa mbele yake na kuondolewa ilivyo, kumpa dawa zake kama ana shinikizo la damu au kisukari, kukaa na watoto wadogo, kupokea simu yake na kuandika waliopiga, na kulala pale usiku.

Kuhusu fedha, uwe mkali. Rambirambi ziandikwe kwenye daftari mbele ya watu wawili, zihesabiwe kila jioni, na mfiwa aonyeshwe jumla na matumizi. Jeneza, usafiri wa kwenda kijijini na chakula cha waombolezaji humeza fedha haraka, na familia nyingi hutoka msibani na deni la turubai, viti na muziki ambao hawakuuomba. Mjumbe wa kanisa ndiye mwenye nafasi nzuri ya kusema kwamba mazishi ya kiasi ni mazishi kamili. Aliseme hilo kwenye kikao cha kamati, wala asimwachie mjane.

Weka nyaraka zote kwenye bahasha moja: taarifa ya kifo kutoka hospitali, au ya mtendaji ikiwa kifo kilitokea nyumbani, kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu, cheti cha ndoa. Kifo kinapaswa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30, na bila cheti cha kifo mfiwa hatapata mafao, akaunti ya benki wala mirathi.

Mambo yakienda sawa, siku ya mazishi mfiwa hataulizwa swali lolote kuhusu mchele au basi.

## Hatua ya 5: Siku ya mazishi

Kaa karibu na mfiwa, upande mmoja, mwenzako upande wa pili. Muulize mapema kama anataka kuuona mwili wakati wa kuaga; asilazimishwe wala asikatazwe. Watoto wenye umri wa kuelewa waelezwe kwa maneno ya kweli kwamba baba amekufa na mwili wake unazikwa, kisha wachague kama watakwenda makaburini. Mtoto anayeambiwa kwamba baba amelala huanza kuogopa kulala, na anayeambiwa amesafiri humsubiri.

Wasifu wa marehemu usomwe na mtu atakayeweza kuumaliza. Mhubiri, kama ni wewe, aseme juu ya ufufuo, na asitumie jeneza kuwatishia walio hai.

Swali gumu zaidi la siku hiyo hunong'onezwa: marehemu hakuwa akisali, au alijiua, je, yuko wapi? Usimtamkie hukumu ya upande wowote. Ibrahimu aliuliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki (Mwanzo 18:25), na mnyang'anyi msalabani alipokelewa katika saa zake za mwisho, bila shahidi wa kanisa. Mwambie mfiwa kwamba marehemu yuko mikononi mwa Mungu mwenye haki na huruma kuliko sisi, na uishie hapo.

## Hatua ya 6: Wiki sita baada ya matanga

Siku ya tatu au ya nne turubai hushushwa, viti hurudishwa, masufuria ya kukodi husuguliwa na kupangwa kwenye gari, na wageni wa mbali huaga. Usiku wa kwanza baada ya hapo ndio mrefu kuliko wote. Waisraeli walimlilia Musa siku 30 (Kumbukumbu la Torati 34:8), na Yusufu, baada ya siku 70 za Wamisri, alimwombolezea baba yake siku nyingine saba. Sisi tumeacha desturi ya kukaa muda mrefu kwa sababu ya kazi na gharama za miji, na hilo lina sababu zake, lakini hatukuweka kitu mahali pake. Rota, yaani orodha ya zamu, ndiyo kitu hicho.

Kabla ya kuondoka siku ya kuanua matanga, andika majina ya watu sita hadi wanane na uwagawie zamu:

1. Wiki ya kwanza, mtu alale pale kila usiku, na mwingine alete chakula cha jioni kilichopikwa.
2. Wiki ya pili na ya tatu, ziara kila baada ya siku mbili, na simu siku ambazo hakuna ziara.
3. Wiki ya nne hadi ya sita, ziara moja kwa wiki yenye kazi ndani yake: kumsindikiza RITA, benki, shuleni kwa watoto, au kufua mashuka tu.

Zamu ya Jumapili ipewe mtu wa kumpitia nyumbani na kukaa naye benchi moja kanisani. Wajane wengi hawaachi kanisa kwa kupoteza imani; wanaacha kwa sababu hawawezi kuingia peke yao kwenye mlango walioingia wawili, na kwa sababu kwaya ikianza wimbo ulioimbwa makaburini watalia mbele ya watu wote. Kaeni karibu na mlango, ili akihitaji kutoka atoke, nawe utoke naye.

Kuhusu mali, usiwe mwamuzi, ila usiwe kipofu. Dalili za hatari ni ndugu anayeomba kadi ya benki na namba ya siri ya marehemu "ili asaidie", anayehamisha pikipiki kabla ya arobaini, au anayemtaka mjane atie saini karatasi asiyoisoma. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Mwambie mjane hilo kwa sauti ya kawaida, mbele ya shahidi, na umsaidie kupata msaada wa kisheria. Yakobo 1:27 inapotaja dini iliyo safi kuwa ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, dhiki yenyewe siku hizi mara nyingi ni hati ya kiwanja.

Wanaume waliofiwa na wake zao wasisahauliwe katika rota. Hao hutembelewa mara chache, hulishwa mara chache zaidi, na ndani ya miezi michache huanza kuletewa majina ya wachumba na watu wenye nia njema. Mpatie mtu wa kukaa naye barazani, na anayejua kupika.

## Hatua ya 7: Maswali ya imani yanapoanza

Mwezi wa pili au wa tatu mfiwa ataanza kusema ambayo hakuyasema msibani. "Tuliomba na kufunga, kwa nini hakupona?" "Siwezi tena kusali Baba Yetu, nikifika mapenzi yako yatimizwe nanyamaza."

Soma Yohana 11 pamoja naye, taratibu. Martha na Mariamu walimwambia Yesu sentensi ile ile, kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa, lakini yeye hakuwajibu kwa namna moja. Martha alipata mazungumzo kuhusu ufufuo; Mariamu alipata machozi. Kazi yako ni kusikiliza hadi ujue aliye mbele yako leo ni yupi, na kesho anaweza kuwa mwingine. Ukikosa jibu, sema huna. Jibu la kubuni hugunduliwa haraka.

Usimharakishe. Hasira kwa Mungu inayosemwa kwa Mungu bado ni sala, na Ayubu ni shahidi. Utaona mwelekeo mzuri pale anapouliza swali huku bado anatafuta andiko, au anapoanza kumtaja marehemu kwa jina na kucheka jambo moja alilolifanya.

## Hatua ya 8: Jua mahali uwezo wako unapoishia

Huzuni si ugonjwa. Hata hivyo huweza kufungua mlango wa ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limetambua huzuni ya kufiwa inayodumu kwa kina kwa miezi 6 au zaidi na kumzuia mtu kumudu maisha yake kuwa ni hali inayohitaji tiba. Mpeleke mfiwa hospitali yenye huduma ya afya ya akili ikiwa hapati usingizi au hawezi kula kwa wiki kadhaa, ameanza kunywa pombe kupita kawaida, hawezi kuwahudumia watoto, au anasema angetamani kumfuata marehemu.

Akisema hivyo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitoa. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani nyumbani, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Maombi yaendelee njiani. Atakayekuambia kwamba kwenda kwa daktari ni kukosa imani, mkumbushe Eliya na ule mkate.

## Hatua ya 9: Tarehe ngumu za mwaka

Fungua daftari lako na uandike siku ya kuzaliwa ya marehemu, siku ya ndoa, Krismasi, Pasaka na tarehe ya kifo. Kwa Wakatoliki ongeza 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Piga simu siku moja kabla, kwa kuwa hofu ya tarehe huanza kabla ya tarehe yenyewe, na umtaje marehemu kwa jina. Watu hukwepa kumtaja wakidhani watamkumbusha mfiwa, kana kwamba amesahau.

Mwaka ukitimia, familia nyingi hufanya ibada ya shukrani au kujengea kaburi. Saidia ifanyike kwa kiasi kinacholingana na mfuko wao, na kama hawana fedha, watu wanane, zaburi moja na chai ya rangi nyumbani ni ibada halali. Jengo la kaburi linaweza kusubiri. Ada ya shule haisubiri, nawe ndiwe unayepaswa kulisema hilo mbele ya wajomba.

Baada ya hapo punguza ziara zako waziwazi badala ya kutoweka. Mwambie kwamba sasa utakuja kila mwezi, kisha mkubaliane siku. Ukihamishwa kikazi, mpeleke atakayekupokea nyumbani kwa mfiwa, mnywe chai watatu, na umwachie daftari lile lenye tarehe.